Mvua Iliyonyesha Malta

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tusome Matendo ya Mitume 28:1–10, na mwenye nafasi aanzie mlango wa 27 ili aione dhoruba yote. Merikebu imevunjika. Watu 276 wamefika pwani ya Malta, wengine kwa kuogelea, wengine wameshikilia mbao. Luka, aliyekuwa miongoni mwao, anakumbuka hata hali ya hewa ya siku ile. Anasema wenyeji "waliwasha moto, wakatukaribisha sote, kwa sababu ya mvua iliyonyesha, na kwa sababu ya baridi."

Hebu waangalieni hao walioota moto. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi, na wafungwa wengine wako naye. Saa chache tu nyuma, askari walikuwa wameshauriana kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka. Sasa mfungwa na askari aliyetaka kumuua wanakausha nguo kwenye moto mmoja. Wenyeji hawakutaka kujua kwanza nani huru na nani amefungwa. Watu wamelowa, wanatetemeka, basi kuni zikaletwa.

Andiko hili lilinirudia kwa nguvu Unguja, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kazi iliyonipeleka ilikwisha mapema, boti yangu ilikuwa ya kesho yake, na pale mjini sikuwa na ndugu wala rafiki. Nikaamua kuutembea Mji Mkongwe peke yangu, mvua na iwe mvua. Mnaovijua vichochoro vile mnajua: ikishuka ya nguvu, maji hujaa ukuta kwa ukuta, na hapo ndipo mgeni anapoelewa kazi nyingine ya mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya nyumba. Watu hupita juu yake. Nilikuwa nikipita hivyo, mkono mmoja ukutani, nikasikia naitwa: "Njoo mwanangu, kaa huku, utarowa bure."

Alikuwa mzee wa kanzu na kofia, ameketi na wenzake chini ya upenu. Nikawaamkia, wakaniitikia marahaba, wakajisogeza. Muuza kahawa alikuwa amejibanza papo hapo na birika lake. Nikapewa kikombe na kipande cha kashata, na nilipotoa pesa yule mzee akaukunja mkono wangu na kuurudisha. Msalaba ulikuwa shingoni mwangu, wanauona. Hakuna aliyeuliza. Tuliongea habari za mvua, za kwao na za kwetu Songea, hadi adhana ya adhuhuri ilipowainua, nao wakaniambia nikae tu mpaka ipungue.

Ilipopungua nikaenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Eneo lile lilikuwa soko la watumwa, soko la wazi la mwisho Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanza chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, naye amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe. Linaonyesha mahali ambapo inasimuliwa palisimama mti wa kuwachapia watumwa. Mwumini anayepiga magoti kupokea Meza ya Bwana amelikaribia sana duara lile.

Mvua ilirudi ikapiga paa, na kwa sababu hiyo nilibaki kwa muda mrefu. Naamini ilikuwa neema. Ningekuwa na kundi tungesikiliza maelezo, tukapiga picha, tukateremka Forodhani. Peke yako, na mvua imekufungia, huna pa kukimbilia. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nilipotoka niliwakuta maji yakiwatiririka usoni, nikasimama pale hadi nguo zikanigandama.

Wale ni watu wa kwetu. Njia moja kubwa ya biashara ile ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya kusini kwa miguu hadi Kilwa Kivinje, kisha majahazi hadi Unguja. Miaka ya 1860 walioingizwa kisiwani walikaribia 20,000 kwa mwaka. Nao walifika wakiwa wageni, bila ndugu wala rafiki pale mjini, na bila shaka wako waliofika mvua ikinyesha. Wao hawakusogezewa nafasi barazani. Walikaguliwa meno, wakatajiwa bei.

Naomba mtu asilichukue duara lile kuwa jiwe la kumtupia yule mzee aliyeninywesha kahawa. Wako machifu wa bara waliouza watu. Wako matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji wa misafara. Pembe za ndovu zilizosafiri pamoja na watumwa zilinunuliwa Ulaya na Marekani, na mashamba ya Wafaransa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi yalijaa watu waliotoka pwani yetu. Sioni jamii inayoweza kusimama Mkunazini na kudai mikono safi, sisi Wakristo tukiwemo.

Tena kuna jambo ambalo halikai vizuri na sifa tunazozitoa pale kanisani. Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi 1897. Kwa miaka 24 mnada haukuwapo tena hadharani, ila ndani ya nyumba na kwenye mashamba ya karafuu watu waliendelea kuwa mali ya watu. Mpita njia asingeona kitu.

Hapo ndipo nilipofikiria nyumba zetu, wapendwa. Wengi wetu tuna dada wa kazi. Ametoka Iringa, Singida, Kigoma au huko kwetu Ruvuma, ameshuka stendi na mfuko mmoja, hamjui mtu. Wapo wanaolala jikoni. Wapo ambao mshahara wao "unatunzwa" mpaka mwaka unaisha, simu yao inakaa chumbani kwa mama mwenye nyumba, na Jumapili familia ikienda ibadani wao wanabaki na sufuria. Yesu atasema, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha," au hatasema. Mathayo 25 haituachii njia ya tatu. Na Waebrania 13:3 inazidi: "Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao."

Kwa hiyo, kabla ya ibada ya nyumba kwa nyumba wiki hii, kila mwenye mfanyakazi amlipe anachomdai, chote. Amwulize jina la mama yake, ampigie mama huyo simu, kisha awaache waongee faraghani. Na aketi naye mezani.

Tuombe. Bwana, wakumbuke walioshushwa Unguja na hakuna aliyeandika majina yao, wewe unayajua. Wabariki wazee wa barazani na nyumba zao. Mwonekanie binti aliyeshuka basi leo Mbezi, mvua inanyesha, naye anamsubiri mtu asiyemjua aje kumchukua. Amina.