Pasaka niliyokwenda Herrnhut

Nilikuwa nasoma Dresden, na mwenzangu wa darasani akanialika kwao kwa Pasaka, kijijini karibu na Bautzen, mashariki kabisa mwa Ujerumani. Kwao ni Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao ya Kislavi. Mama yake alinipokea mlangoni, akanitazama vidole, akauliza kama mikono yangu haitetemeki. Kumbe Jumamosi ile nzima tungepamba mayai.

Unakata ncha ya unyoya wa bata bukini iwe pembetatu, unaichovya kwenye nta iliyoyeyushwa kijikoni juu ya mshumaa, unapiga alama kwenye ganda upesi kabla nta haijaganda. Yai linazamishwa kwenye rangi. Likishakauka unalisogeza kando ya mwali, nta inalainika, unaifuta, na pale ilipokuwa panabaki peupe. Pembetatu zile wanaziita meno ya mbwamwitu, kinga ya mwenye yai. Mazuri zaidi mama mtu aliyatenga kwa ajili ya watoto aliowasimamia ubatizo.

Nikamwuliza kwa nini mayai. Akacheka: "Kuku hawafungi Kwaresma."

Zamani Kanisa lilikataza mayai muda wote wa mfungo, na ndio wakati ule ule baridi inapungua, mchana unarefuka, kuku wanataga kweli kweli. Watu wakayachemsha yasiharibike, na Pasaka ikifika kila nyumba ina mayai ya kula na ya kugawa. Kwangu maelezo hayo yanatosha. Wapo wanaosema mayai na sungura wa Pasaka walitokana na mungu wa kike wa kale, Eostre, lakini aliyemwandika ni mtawa Bede wa Uingereza, mwaka 725, maneno machache tu, na ndani yake hamna yai wala sungura.

Sungura ndiye aliyenishinda. Mpwa wa mwenzangu aliniambia kwa uhakika wote kwamba mayai yangeletwa usiku na sungura. Sungura! Huyu huyu wa hadithi za bibi yangu, aliyekula karanga za watu akamsingizia fisi, leo akabidhiwe kikapu cha mayai agawe kwa haki? Mwenzangu akasema imani hiyo ilitoka magharibi, Alsace na Pfalz, na daktari wa Heidelberg, Georg Franck von Franckenau, aliiandika mwaka 1682 huku akiicheka. Sehemu za Westfalen, akaongeza, kazi hiyo ilikuwa ya mbweha. Nikaona watu hawa wanawaamini sana wezi.

Usiku ule niliomba kitu kimoja: wanipeleke mji wa Herrnhut. Jina hilo nililijua tangu utoto, maana mimi ni Mmoravian wa Tukuyu, na kanisa lililotuma wamisionari wa Rungwe mwaka 1891 lina mizizi yake hapo. Tuliondoka saa kumi alfajiri.

Kwetu Pasaka huanza makaburini, gizani, kwa tarumbeta. Bibi alikuwa akinishika mkono, miguu imelowa umande, tunasubiri jua litoke juu ya waliolala. Siku zote niliichukulia kuwa desturi yetu Wanyakyusa, tulioipa tu nyimbo za kanisa. Sasa nasimama kwenye kilima cha Hutberg, katikati ya Wajerumani waliovaa makoti mazito, na tarumbeta zinalia vile vile. Mawe ya makaburi yamelazwa chini, yamefanana yote, maskini na mkubwa, ndugu wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Mwaka 1732 vijana wa kiume wa mji huo walipanda hapo kabla ya mapambazuko, wakaimba. Ndipo ilipoanzia, miaka 10 tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa na wakimbizi kutoka Moravia.

Kiongozi alipotamka kwamba Bwana amefufuka, niliitika "Amefufuka kweli kweli!" kwa Kiswahili, kwa sauti. Mzee mmoja aligeuka, akanipa mkono.

Tulipomaliza nikampigia mama simu.

"Wanafanya kama sisi," nikamwambia. "Gizani, makaburini, na tarumbeta."

"Wanaimba sauti zote nne?"

"Zote."

"Haya. Na wamechinja nini?"

"Tuna mayai, mama."

"Mayai? Sikukuu nzima?"

Nikaanza kumweleza habari za sungura. Akanikatiza: "Mwanangu, salio lako litaisha."