Sindano ya mpasuko sugu: yaliyonikuta mimi

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni ya kukaa. Ulifika wakati nikashona nimesimama. Nikienda haja kubwa ni kama napitisha vipande vya chupa, na nikishatoka chooni moto unaendelea kuwaka kwa saa kadhaa.

Mtaani kila maumivu ya huko nyuma huitwa bawasiri, na dawa zake hazikosi muuzaji. Daktari aliyenipima alikataa: huu ni mpasuko, yaani ngozi laini ya njia ya haja kubwa imechanika, na kwa kuwa umepita wiki 6 umeshakuwa sugu. Kidonda kikiuma, msuli wa ndani wa njia ya haja kubwa hukaza. Ukikaza, damu haifiki vizuri, na kidonda hakifungi. Kesho yake choo kigumu kinakichana upya. Nikapewa kwanza mafuta ya nitrogliserini ya kupaka, yanayolegeza msuli huo. Yaliniuma kichwa hadi nikashindwa kuendelea nayo.

Ndipo akanitajia sindano ya Botox, ile ile watu wanayochomwa usoni kuondoa makunyanzi! Niliifuata Dar es Salaam, na wallahi basi la kupitia Segera na Chalinze, nimekalia ubavu mmoja, lilinitesa kuliko sindano. Yenyewe ni kazi ya muda mfupi: unalala ubavu, magoti kifuani, unachomwa kwenye msuli.

Nguvu yake hudumu kama miezi 3. Nilionywa kwamba kwa muda huo huenda nikashindwa kuzuia upepo, na kweli, ulinitoka katikati ya swala ya jamaa, nikatoka safuni kwenda kutawadha upya.

Sindano haifungi kidonda. Inaulegeza msuli tu ili damu ipite, na choo kikirudi kuwa kigumu umepoteza hela yako. Mke wangu alinisimamia: matembele, papai, machungwa ya Muheza pamoja na nyama zake, maji kwa wingi, na beseni la maji ya uvuguvugu kila nikitoka chooni. Maumivu yalipungua kabla kidonda hakijafunga.

Wapo ambao haiwasaidii. Hao hubakiwa na upasuaji wa kukata sehemu ya msuli, ambao huponya wengi zaidi, ila ukileta tatizo la kuzuia choo laweza kuwa la kudumu. Kwa hiyo nilitaka sindano kwanza. Nikiona damu tena nimeambiwa nirudi kupimwa, nisikisie, maana hata saratani ya huko hutoa damu.