Siku moja na wazee wa Misri

Naamka saa 11 alfajiri, naswali, nakunywa chai ya rangi, napanda mabasi mawili kuvuka London kukiwa bado giza. Saa 3 asubuhi nimeshavaa koti la kazi na redio iko kiunoni.

Mimi ni mlinzi katika jumba la makumbusho, na ukumbi wangu ni ule wenye maiti za Misri ya kale. Wengi wakisikia hivyo wanadhani nasimama tu kama nguzo. Kumbe kabla mlango haujafunguliwa napita kila kabati kukagua kioo, taa na kipimo cha unyevu. Unyevu ukizidi, kuvu huota, na kuvu haimjui mfalme: mwaka 1976 maiti ya Ramesses II ilipandishwa ndege kutoka Misri hadi Paris ikatibiwe ugonjwa huohuo.

Dada mmoja wa Bukavu anayefanya usafi hunikuta hapo. "Jambo kaka, wazee wameamka salama?" "Salama, dada." Anawaita wazee tangu siku nyingi, nami nimemwiga, maana ni neno linalowafaa.

Saa 4 milango inafunguliwa na shule zinaingia. Watoto wa hapa husoma Misri ya kale shuleni, kwa hiyo asubuhi yote inapita hivi: huyu ni mtu kweli? Ni mtu. Choo kiko wapi? Kushoto. Usigonge kioo, mwanangu.

Inakaribia saa 6 anaingia bwana mmoja na watoto wawili. Anasimama mbele ya jeneza la mwanamke na kutangaza kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba hawa walikuwa watumwa, walifungwa vitambaa wakiwa hai. Kisha anapiga picha kwa mwanga mkali, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikamsogelea. Samahani bwana, picha ruksa, mwanga hapana. Akanitazama beji. "Wewe si mlinzi? Basi linda."

Ningeweza kurudi kwenye kona yangu. Lakini watoto wake walikuwa wananitazama, na mdogo alishaanza kuogopa. Nikachuchumaa nikawaambia: hakuna aliyefungwa akiwa hai. Huyu mama alikufa, akaliliwa na watu wake, akapelekwa kwa mafundi, na kazi yao kamili ilichukua siku 70. Walimpasua ubavuni upande wa kushoto, wakatoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, wakaviosha na kuvihifadhi katika mitungi. Mwili wakaufukia katika magadi makavu kwa siku zipatazo 40, magadi ya bonde la Wadi Natrun, ndugu wa haya tunayotia kwenye maharage kwetu. Yalinyonya maji yote. Baadaye mafuta, utomvu wa miti, na vitambaa vya kitani tabaka juu ya tabaka, hirizi zikiwekwa katikati.

"Na moyo kwenye mtungi," akadakia baba yao. Hapana bwana, mitungi ni minne na kila mmoja una mungu wake mlinzi: Imsety mwenye kichwa cha mtu alilinda ini, Hapy mwenye kichwa cha nyani mapafu, Duamutef wa mbweha tumbo, Qebehsenuef wa kipanga utumbo. Moyo kwa kawaida uliachwa kifuani. Hakukubali. Alisema amesoma, akasema tena, akataka mtu "anayejua". Nikamwitia kwa redio. Tukasubiri karibu nusu saa, yeye akigonga mguu chini, mimi nikielekeza watu chooni, huku kundi jingine la shule likinizunguka. Mtaalamu alipofika akasema yaleyale niliyosema. Bwana akaondoka bila neno.

Binti yake ndiye aliyerudi mbio. "Kwa nini ubongo waliutoa wakautupa?" Nikamwambia kwa Wamisri akili na kumbukumbu zilikaa moyoni. Ubongo waliuvuta puani kwa kulabu. Moyo ulihitajiwa kwa hukumu ya baada ya kufa: mungu Anubis anaupima kwa unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli, mungu Thoth anaandika, na dubwana Ammit anangoja kuumeza ukiwa mzito kwa dhambi. Akatikisa kichwa kwa uzito wa mtu mzima, akamkimbilia baba yake.

Baada ya chakula sijui tena vizuri saa zilivyokwenda. Miguu inawaka. Laana ya mfalme Tutankhamun, ile inayosemwa iliwaua waliofungua kaburi lake, wameniuliza tena na tena, na kila mara najibu: kaburi lilifunguliwa mwaka 1922, Lord Carnarvon, tajiri aliyegharimia uchimbaji, akafa 1923 baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuingia uchafu, lakini Howard Carter aliyelichimbua aliishi hadi 1939. Bibi mmoja akauliza swali nililolingoja: na maskini je? Maskini alizikwa mchangani. Herodotus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, aliandika kuwa mafundi walikuwa na bei tatu, na hata ya chini ilihitaji fedha. Nikamsimulia pia habari ya Diodorus, Mgiriki mwingine wa kale, kwamba mpasuaji akishamaliza kukata alifukuzwa na waliokuwapo kwa mawe na laana kwa kuujeruhi mwili, ingawa wao wenyewe ndio waliomwita. Huyo fundi namfikiria sana jioni, miguu inapouma.

Saa 11 jioni tunatoa watu. Wa mwisho alikuwa kijana aliyeng'ang'ania kabati la paka. Nikamweleza tukitembea kuelekea mlangoni kwamba mwaka 1890 maiti za paka zipatazo 180,000 zililetwa Liverpool kwa meli, zikasagwa kuwa mbolea. Alisimama palepale akataka kujua nani aliruhusu. Wafanyabiashara, nikamwambia, na hakuna aliyewazuia. Ilibidi nimshike bega kwa upole ili nifunge.

Nimefika nyumbani saa 2 usiku nikaloweka miguu. Kesho zinakuja shule mbili kwa mpigo.