Kufumba Mdomo Watoto Wanapocheza

Jumapili, usiku

Watoto wamelala, nami nimebaki na karatasi niliyoiandika jana asubuhi kwa mbwembwe zote za mtu anayejiona amejiandaa. Juu yake nimeandika "Stadi za Maisha", na chini nimepanga mambo sita pamoja na dakika ambazo kila jambo lingechukua: kufunga mafundo, kutambua pande nne za dunia, kukadiria urefu wa mti, kuosha na kufunga kidonda, kusoma ramani, na kujua la kufanya mtu akipotea. Nilidhani kwamba, kwa kuwa tungekuwa nje, kwenye uwanja wenye miti na vichaka, somo lingegeuka mchezo lenyewe, bila mimi kubadili chochote katika namna yangu ya kufundisha. Karatasi hiyo ilidumu dakika 15.

Nilikuwa na watoto watatu: kifungua mimba wangu, binti wa miaka 11; kitinda mimba, mvulana wa miaka 6; na mpwa wangu wa miaka 9 ambaye yuko kwetu wakati huu wa likizo. Niliwaketisha mstari mmoja, nikampa kila mtu kipande cha kamba, nikaanza kueleza kwa sauti ya darasani jinsi fundo bapa linavyofungwa: ncha ya kulia inapita juu ya ile ya kushoto na kuzungushwa, kisha ile iliyofika kushoto inapita juu ya ile ya kulia, na fundo linalala bapa. Ukirudia upande uleule mara mbili unapata fundo linalofanana nalo kwa macho, ila hilo huteleza likivutwa. Nilirudia maelezo mara tatu. Binti yangu alifunga lake akaniinulia uso akisubiri sifa, mpwa wangu alikifunga kiatu chake pamoja na kiatu cha binamu yake, na kitinda mimba akainuka akaenda zake bila hata kuomba ruhusa.

Yaliyofuata sikuyapanga. Huyo mdogo alikuwa amelichukua shuka tulilokuja nalo la kukalia, na alitaka liwe paa la nyumba kati ya miti miwili. Kamba moja haikufika mti wa pili, kwa hiyo akaunganisha mbili. Alipolitundika shuka, fundo likateleza, na paa likamwangukia kichwani. Akafunga tena, likateleza tena. Mara ya tatu mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka na maneno yamenifika mdomoni, ndipo mpwa wangu, yuleyule niliyeamini kwamba hakunisikia hata neno moja, akasema, "Wewe unazungushia upande mmoja tu. Mjomba alisema mara moja huku, mara moja huku." Wakafungua, wakafunga upya, na shuka likakaa. Kitinda mimba akaivuta kamba kwa nguvu zake zote kuhakikisha, kisha akaingia chini ya paa lake akaketi kimya kama mwenye nyumba aliyemaliza kulipa fundi.

Nimelifikiria jambo hilo siku mbili hizi. Maelezo yangu matatu hayakumfundisha kitu mtoto yule, lakini kuanguka kwa shuka mara tatu kulimfundisha, tena bila aibu, kwa sababu kamba haimgombezi mtu wala haimlinganishi na dada yake. Maria Montessori, daktari aliyefungua "nyumba ya watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wadogo vikombe na sahani halisi zinazovunjika, si za kuchezea, na akataka vifaa viwe na uwezo wa kumwonyesha mtoto kosa lake pasipo mtu mzima kulitaja. Zamani nilidhani huo ni ukarimu tu wa mtu asiyehofia gharama ya vyombo. Sasa naona kwamba alikuwa akimwondoa mwalimu katikati ya mtoto na kazi. Mwaka huohuo wa 1907, mwezi wa Agosti, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akawagawa katika vikundi vinne, kila kimoja chini ya mvulana mmoja mkubwa kidogo kuliko wenzake. Watu hawa wawili hawakufanana kwa mengi, na kuna mambo katika kila mmoja wao ambayo mimi sikubaliani nayo, lakini wote wawili walijua mahali pa kusogea kando.

Kwangu kusogea kando ni kazi ngumu. Nimelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nimeitumia mara nyingi mno kwa watoto hawa, mara nyingine kwa mambo ambayo guu lenyewe halikuwa hatarini hata kidogo. Shuka likianguka, nani amevunjika nini?

Hata hivyo siku hiyo nilifungua mdomo mara moja, na sijutii. Walipoona kamba imeshika, mpwa wangu alitaka kuning'inia juu yake. Nikamzuia papo hapo, kwa sababu fundo bapa ni la kufungia mizigo na bandeji, na halipaswi kutumika kuunganisha kamba mbili zitakazobeba uzito wa mtu; likipinduliwa au kutikiswa vibaya huachia ghafla. Kosa la aina hiyo humwadhibu mtoto kuliko linavyomfundisha, na hapo mtu mzima asipozungumza anakuwa amekimbia wajibu wake. Ugumu wote uko katika kupambanua makosa hayo mawili kwa sekunde chache, mkono ukiwa tayari umenyooka.

Baada ya hapo niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikachomeka fimbo ardhini ikasimama wima, nikaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli chake, nikawaambia kwamba kuna kitu nimekificha hatua 30 mashariki ya fimbo ile, kisha nikanyamaza. Binti yangu alijua vizuri kwamba jua huchomoza mashariki, lakini ilikuwa karibu na saa sita mchana, na jua lililo utosini halimwambii mtu lilikotoka. Akaomba simu, nikamnyima. Walibishana, wakakata tamaa, wakaanza kurushiana majani makavu, mpaka mpwa wangu alipoona kwamba kivuli kimekiacha kijiwe. Wakaweka kijiwe cha pili. Sasa walikuwa na mstari, lakini hawakujua upi ni mwanzo wa mstari na upi ni mwisho, basi wakachagua kwa kura, wakahesabu hatua 30 kuelekea upande wa kijiwe cha kwanza, wakachimbua majani kwa muda mrefu bila kupata kitu.

Binti ndiye aliyerudi akasimama mbele ya fimbo, akanyoosha mkono kulifuata jua kwa kidole na mkono mwingine kukifuata kivuli, akaona mikono yake inakwenda pande tofauti. Jua likielekea magharibi, kivuli huelekea mashariki, kwa hiyo kijiwe cha kwanza ni magharibi na cha pili ni mashariki. Na ndivyo ilivyo kaskazini na kusini mwa ikweta, ingawa kivuli cha adhuhuri huweza kulala upande wa kaskazini au wa kusini kutegemea mahali na majira. Ni kipimo cha kukadiria tu, nacho huwa sahihi zaidi karibu na adhuhuri kuliko asubuhi au jioni. Nilikuwa nimewaandalia maelezo hayo yote pamoja na mchoro. Hakuna aliyeyahitaji. Walikuta kopo lenye filimbi tatu, na kuanzia hapo masikio yangu yakaingia taabuni.

Linaloninyima usingizi usiku huu ni lililotokea baadaye. Waliamua kucheza kujificha, na mimi nikapewa kazi ya kutafuta. Wawili niliwapata upesi, lakini mpwa wangu sikumpata. Nilizunguka vichaka, nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya juu, kisha kwa sauti ambayo nisingependa watoto waisikie. Niliwaambia binamu zake wakae chini ya paa la shuka wasiondoke. Nusu saa ilipita kabla hajatokea, nguo zimejaa vumbi, uso umejaa ushindi, kutoka kwenye shimo lililofunikwa na matawi hatua chache tu kutoka mahali nilipopita mara mbili. "Nilikusikia, Mjomba," alisema. "Lakini ningeitika ungenipata."

Sikuweza kumkemea, kwa maana alikuwa amefuata kanuni ya mchezo kikamilifu. Tangu watoto wanajifunza kutembea tunawachezesha mchezo ambao ndani yake mshindi ni yule asiyeitika anapoitwa, halafu tunashangaa kwamba mtoto aliyepotea kweli hujibanza kichakani akiwaogopa watu wasiomjua wanaolitaja jina lake. Mwaka 1981 mvulana wa miaka 9 alipotea kwenye mlima wa Palomar, katika jimbo la California nchini Marekani, akapatikana akiwa amekwisha kufariki, na mkasa huo ndio uliozaa mafunzo ya watoto yenye wito mmoja rahisi: ukijua umepotea, kumbatia mti. Mti humpa mtoto kitu cha kushika na hofu hupungua, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba humzuia asitembee.

Binti yangu aliuliza kwa nini kutembea kuwe kosa, ilhali ukitembea unaweza kuikuta njia. Tukachora vumbini. Mtoto anayekwenda kilomita 2 kwa saa, baada ya saa 3 anaweza kuwa popote ndani ya duara ambalo nusu ya kipenyo chake ni kilomita 6, yaani eneo la zaidi ya kilomita za mraba 110, na anaweza pia kuingia mahali ambapo watafutaji wamekwisha kupapekua na kupaacha. Aliyebaki palepale anatafutwa katika eneo dogo linalozidi kupungua. Alipiga hesabu mara mbili, kisha akalitazama lile duara kwa muda bila kusema lolote.

Basi tukaupindua mchezo. Mmoja anakuwa aliyepotea, na ushindi wake ni kupatikana upesi. Anachagua mti, haondoki hapo, anapuliza filimbi mara 3, ananyamaza kusikiliza, anapuliza tena. Mara 3 ni ishara ya hatari inayotambulika sehemu nyingi, ingawa katika milima ya Alps hupigwa mara 6 kwa dakika na jibu ndilo huwa mara 3. Watafutaji wanaanzia mbali, wakiwa wamegeuka nyuma hadi filimbi ya kwanza isikike.

Kitinda mimba alikuwa wa kwanza kupotea, na alipotea barabara. Kila tulipokaribia mti wake yeye alikuwa ameondoka kutufuata, nasi tukasikia filimbi nyuma yetu, kisha kulia kwetu, kisha nyuma tena. Tulipokutana naye hatimaye alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Nilikuwa nawafuata!" alisema, kana kwamba sisi ndio tuliokosea. Hakuna aliyemweleza. Zamu yake ilipofika tena alivua shati lake jekundu akalitundika kwenye tawi, akaukumbatia mti kwa mikono miwili na filimbi mdomoni, tukampata kabla sijahesabu 100. Shati halikuwamo katika maagizo yangu. Alilibuni mwenyewe, na ninakiri kwamba nilimwonea wivu kidogo.

Mambo mengine ya ile karatasi yalipita haraka. Urefu wa mti waliukadiria kwa fimbo yenye urefu sawa na mkono ulionyooshwa, wakirudi nyuma hadi fimbo iliyosimamishwa mbele ya jicho kwa mkono ulionyooka iufunike mti wote toka shina hadi kilele, kisha wakapima umbali wa kufika shinani, ambao hapo hukaribia kuwa sawa na urefu wa mti. Walifanya mara moja, wakaona inatosha. Ramani hatukuigusa kabisa. Kidonda tulikipata cha kweli, gotini mwa binti yangu, na aliyekiosha kwa maji safi na kukifunga ni mpwa wangu, kwa lile fundo bapa.

Nilikuwa nafikiri nimemaliza kuandika, lakini binti yangu ametoka chumbani. Kumbe hakuwa amelala. Amesimama mlangoni akiangalia nje, ambako mbalamwezi imetanda uani, akaniuliza, "Baba, kivuli cha mwezi nacho kinakwenda mashariki?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Nimelimeza. Nimemwonyesha fimbo ilipo nyuma ya mlango, naye ameichukua na kwenda kuokota vijiwe viwili.