Mahindi matamu na mahindi yetu, hapa Massachusetts, Marekani

Kila Julai swali ni lilelile kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp: mahindi ya kuchoma yanapatikana wapi? Mgeni anakwenda supamaketi, ananunua mahindi laini yaliyopangwa kwenye trei, anayaweka kwenye mkaa, kisha analalamika kwamba yana maji na sukari nyingi. Jamani, hayo ni mahindi matamu. Hayakukusudiwa kutafunwa taratibu huku watu wanapiga soga. Yana ulaji wake, na ukiupatia utayapenda.

Kwanza nunua kwa mkulima kando ya barabara. Yale ya dukani mwezi wa Aprili mara nyingi yametoka mbali, Florida huko. Hindi tamu likishavunjwa tu, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha. Kwa hiyo nenda asubuhi, usiyaache kwenye buti la gari, na ukifika nyumbani yatie kwenye friji na maganda yake. Wenyeji wa huku wanapenda sana aina yenye punje nyeupe na njano kwenye gunzi moja, wanaiita butter and sugar. Tafadhali usiyamenye pale kibandani ili kuyakagua, ni kumharibia mkulima mali yake. Papasa ncha juu ya ganda: ikiwa imejaa na si nyembamba, punje zimefika. Ganda liwe bichi, ndevu zimegeuka kahawia. Chemsha dakika 3 hadi 5, paka ndimu, chumvi na pilipili. Yaliwe siku hiyohiyo.

Mwenye kipande cha bustani apande yake. Aina zile tamu kupindukia mbegu zake zimesinyaa, hazina akiba kubwa ya wanga, na udongo wa baridi huziozesha. Subiri udongo ufike nyuzi 15 za Selsiasi au zaidi. Usipande mstari mmoja mrefu kando ya ua. Panda mistari mifupi 4 au zaidi iliyokaribiana, kwa sababu upepo ndio unaobeba chavua kutoka kwenye mbelewele, yaani maua ya juu ya mmea, na kila unywele wa ndevu ni wa punje yake moja. Unywele ukikosa chavua, punje yake haipo. Ndiyo maana unamenya hindi unakuta limejaa mapengo. Maji yasikosekane wakati huo. Siku kama 20 baada ya ndevu kutoka, minya punje kwa ukucha: ikitoa maji meupe, vuna, yakiwa maangavu, ngoja. Na rakuni, wanyama wa porini wanaopenda kuiba mahindi, nao wanangoja, wala hawachelewi, kwa hiyo weka uzio mapema.

Sasa hapa tusikilizane, sisi tunaolima kwenye bustani za pamoja. Mahindi yetu meupe yakichanua wakati mmoja na matamu ya jirani, chavua yetu inaingia kwenye ndevu zake, na punje zake zinakuwa ngumu za wanga msimu uleule. Jirani amehangaika tangu Mei halafu anavuna kitu asichokipanda. Si haki. Mzee mmoja wa Kitale aliniuliza, "Sasa mama, mimi niache mahindi yangu?" Nikamwambia hapana, mzee wangu, panda, ila tuzungumze na majirani kwanza. Soma idadi ya siku kwenye pakiti za mbegu. Wao wapande matamu ya mapema, wewe panda meupe ya kuchelewa, ili maua yapishane kwa wiki 2 hivi. Au mtengane mita 75, jambo ambalo bustani nyingi haziwezi.

Mbegu usibebe kutoka kwetu Afrika kwenye begi. Utanyang'anywa uwanja wa ndege, na magonjwa ya mimea ni jambo zito.

Asiye na bustani aulizie Lancaster, kwenye Flats Mentor Farm, ambako wakulima wahamiaji hulima mahindi meupe ya kwetu. Hayo ndiyo ya mkaa. Ila yanakomaa baadaye kuliko matamu, kwa hiyo ulizia kabla ya kufunga safari.