Kwenye jumba la viinimacho, anza na mahali pa kamera

Michoro ya ukutani kwenye majumba haya ya kudanganya macho imepigiwa hesabu kwa jicho moja, lililo mahali pamoja tu. Ukiitazama kwa macho mawili unaona rangi zilizovutwa ovyo. Kwenye simu shimo lililochorwa linakuwa shimo kweli, kwa sababu lenzi ni jicho moja. Kabla hujasema mchoro haufai, ziba jicho moja kwanza.

Alama iliyoko sakafuni ni ya mpiga picha, si ya anayepigwa. Ujanja huu si wa juzi: kwenye kanisa la Sant'Ignazio huko Roma, Andrea Pozzo alichora kuba la uongo kwenye turubai bapa mwaka 1685, na sakafuni kuna duara linaloonyesha pa kusimama. Ukitoka hapo, kuba linapinda.

Kusimama kwenye alama hakutoshi, maana kimo cha lenzi nacho kina kazi. Tafuta mstari uliochorwa kuanzia ukutani ukashuka hadi sakafuni, kama ubao wa daraja au ukingo wa ngazi. Ukikatika pale ukuta unapokutana na sakafu, panda au shuka na simu taratibu mpaka unyooke. Picha isipoenea, tumia lenzi pana ukiwa papo hapo. Kurudi nyuma ndiko kunakoharibu. Flashi izimwe, la sivyo rangi itang'aa na kivuli cha mtu kitaanguka juu ya "anga".

Anayepigwa haoni kitu, kwa hiyo aongozwe: "mkono juu kidogo, hapo hapo." Vidole viguse kamba iliyochorwa kama inavyoonekana kwenye kioo cha simu, hata kama ukutani vinagusa patupu. Macho nayo yafuate hivyo hivyo. Mtu anayemwogopa papa wa mchoro huku akitabasamu na kamera ameshaharibu kila kitu.

Kwenye chumba kilichopinduliwa, ambako picha hugeuzwa juu chini baadaye, nywele ndefu na mikufu ndivyo vinavyotoa siri. Zifunge, mikufu iingie ndani ya nguo.

Chumba cha Ames, kile kinachodanganya kimo cha watu, kinaonekana mraba kupitia tundu lake, lakini kona moja iko mbali zaidi, na sakafu na dari vimeinama kufuata hesabu hiyo. Kona ikiwa mbali mara mbili, aliyesimama huko anaonekana nusu ya kimo cha mwenzake. Hapa video inashinda picha: wabadilishane kona, mmoja avimbe mwingine asinyae.

Handaki linalozunguka liache mwisho. Kuta zake ndizo zinazozunguka; daraja unalopitia ndani yake halisogei hata kidogo. Macho yanasema unapinduka, sikio la ndani linasema umetulia, na mwili unafuata macho. Ukianza kuyumba shika reli, fumba macho, tembea.