Swali la kandambili

Nimetoka darasani sasa hivi, chaki bado iko vidoleni.

Leo tumegusa mfungamano wa kwanta: chembe mbili zilizounganishwa hivi kwamba ukizipima, majibu yake yanaafikiana hata zikiwa mbali. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, si kama kandambili tu? Ukiikuta ya kushoto Tanga, ya kulia iko Mwanza."

Swali zuri mno!

Nikaandika ubaoni: 2. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kuwa kipimo cha jinsi majibu yanavyoafikiana, kwa vitu vya aina ya kandambili (jibu lipo tangu mwanzo), kina kikomo; katika umbo lililoandikwa na wanafizikia wengine mwaka 1969, kikomo hicho ni 2.

Chini yake, kipimo hicho hicho kilivyotoka kwenye jaribio halisi, juu ya kikomo: 2.42. Delft, Uholanzi, 2015. Elektroni mbili, kila moja ndani ya almasi yake, kilomita 1.3 kati yao.

Kimya.

Akaja mbele, akaigusa ile 2.42 taratibu, asiifute.

Mwili ulinisisimka.

Walimu wenzangu, nyie mnaielezaje?